Kipupwe cha Mtwara: salfa alfajiri, duka baadaye

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimerudi kwenye shamba la marehemu baba yangu, ekari tano nje kidogo ya Mikindani, lenye mikorosho kama 140, minazi michache na kuku wa kienyeji. Mbele ya nyumba, kando ya barabara, nimejenga kibanda ninachotaka kiwe duka la zawadi: korosho, vinyago, mikeka. Majirani wananiambia kipupwe hakina biashara, nisubiri msimu wa korosho mwezi wa kumi. Wengine wanasema wageni wanakuja Julai na Agosti. Mjukuu wangu anajua kutumia bomba la salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Je, siku ya kipupwe niipange vipi nisiharibu shamba wala duka? Vinyago nichukue kwa fedha taslimu au mali kauli? Na huyo mjukuu nimlipe nini?

JIBU: Shikamoo mwalimu, na hongera kwa kurudi shambani. Wengi wakistaafu shamba la wazazi huliuza, halafu wanakuja kununua korosho za zawadi kwa waliolinunua.

Fungua duka sasa, usingoje mwezi wa kumi. Lakini lifungue saa nne asubuhi, si saa moja, na siku za salfa usilifungue kabla ya adhuhuri. Kati ya Juni na Agosti, ratiba ya duka ifuate ratiba ya mikorosho. Wanaofanya kinyume chake nawaona kila mwaka: wanakaa kibandani toka asubuhi wakingoja mteja mmoja, salfa inachelewa wiki moja, kisha mbili, na Oktoba wanaokota nusu ya walichokuwa waokote. Duka la kando ya barabara haliwezi kurudisha hasara hiyo hata wageni wakija kwa mabasi.

Hoja ya majirani zako ina ukweli kidogo. Kipupwe hakuna fedha mfukoni mwa mkulima wa korosho, na kwa kuwa sisi wote huku tunategemea korosho, kijiji kizima kinakuwa kikavu. Ufuta ukiuzwa Juni kwenye minada, aliyelima anapumua. Mbaazi zinafuata baadaye kidogo. Asiye na hivyo viwili anakaa mpaka minada ya korosho ianze Oktoba, na hata hapo fedha haiji siku unayopeleka gunia ghalani: mzigo unakwenda chama cha msingi, unaingia ghala kuu, unapigwa mnada, ndipo malipo yanaingia benki. Ndivyo stakabadhi ghalani ilivyo tangu ilipoanza kwetu mwaka 2007. Wakati huohuo kipupwe ndicho kipindi shamba linachokula fedha kuliko vyote: vibarua wa palizi, petroli ya bomba, kupogolea, barakoa, na salfa ya kuongezea pale ya ruzuku isipotosha. Kwa hiyo kazi ya kibanda chako ni kulipia petroli ya Julai na vibarua wa Agosti, usije ukakopa kwa mtu atakayetaka korosho zako zikiwa bado maua. Ukikitazamia makuu zaidi ya hapo kwa mwaka wa kwanza, utavunjika moyo.

Tena mwezi wa kumi wenyewe hautakuwa na nafasi. Korosho zikianza kudondoka, mikono yote inatakiwa chini ya mti: kuokota, kutenganisha na mabibo, kuanika, kuchambua. Ukisubiri hadi hapo kufungua duka, utakuwa unalifungua katika wiki ambayo huna hata muda wa kunywa chai.

Sasa tuzungumzie salfa, maana siku yako nzima inaanzia hapo.

Ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu ambao salfa inauzuia, unapenda hali ileile tunayoiita nzuri sisi: usiku wa baridi, asubuhi yenye umande, mvua hakuna. Hapa pwani joto la usiku wa Julai linashuka hadi nyuzi 19 au 20 hivi, na kule juu Newala linashuka zaidi. Wakati huo mkorosho nao ndio unatoa majani machanga na vishada vya maua, na kuvu wa ubwiri unga anashambulia vitu vichanga tu. Jani lililokomaa halimshughulishi. Pita shambani jua likiwa bado chini, shika kishada, kigeuze: ukiona unga wa kijivu kama majivu umekaa kwenye vikonyo vya maua, ameshaingia. Maua hayo yatageuka kahawia, yatakauka, na mengi hayatashika korosho. Salfa haiyafufui. Inazuia yale ambayo bado, na ndiyo maana kuchelewa hakufidiwi kwa kumwaga nyingi baadaye.

Kipimo kinachotumika kwa salfa ya unga ni gramu 250 kwa mti kwa mzunguko mmoja, mizunguko isizidi mitano, kila baada ya siku 14. Kwa miti yako 140 ni kilo 35 kila mzunguko. Mizunguko yote mitano ni kilo 175, yaani mifuko saba ya kilo 25. Andika namba hiyo ukutani. Ukienda chama cha msingi kuchukua salfa ya ruzuku, ambayo unaipata ukiwa umesajiliwa kama mkulima, utajua mgao uliopewa unafika mzunguko wa ngapi na ni mifuko mingapi ya kutafuta mwenyewe. Kama usajili bado uko kwa jina la marehemu baba, lishughulikie hilo kabla hata hujapaka kibanda rangi.

Tarehe ya kuanza haiko kwenye kalenda, iko kwenye mti. Ukiona vishada vinaanza kuchomoza kwenye sehemu kubwa ya shamba, anza. Kwa mikorosho mingi ya ukanda wako hiyo inaangukia mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Tuchukulie unaanza tarehe 28 Juni. Mizunguko inayofuata itakuwa 12 Julai, 26 Julai, 9 Agosti na 23 Agosti. Ukiziangalia tarehe hizo utaona kwamba zimekaa juu ya miezi ya wageni kabisa, na wa nne uko kesho yake ya Nane Nane. Nitarudi huko.

Sasa alfajiri yenyewe. Jua la Julai kwetu halichomozi mpaka karibu saa kumi na mbili na nusu, na kazi inatakiwa ianze kabla yake, saa kumi na moja au hata mapema kidogo, kwa sababu mbili. Umande uliopo kwenye majani ndio unaoshika unga. Na kusi, upepo wa msimu huu, bado amelala. Akiamka, kufikia saa tatu salfa yako inampulizia jirani. Usimwachie mjukuu hukumu hii peke yake, vijana wanapenda kumaliza. Simama pembeni kunapopambazuka uangalie wingu linalotoka kwenye mti: linatakiwa lipande taratibu katikati ya matawi, lining'inie, kisha litue. Likianza kuinama na kuondoka upande mmoja, zima injini hata kama imebaki mistari miwili. Hiyo miwili itafanywa kesho. Kwa bomba moja na kijana mwenye nguvu, shamba la ukubwa wako linataka asubuhi moja au mbili, kwa hiyo kila mzunguko utengee asubuhi mbili, usijidanganye na moja.

Hapa ndipo ramani ya kibanda inapoingia. Kusi anatoka kusini-mashariki. Kama duka lako liko upande huo wa shamba, upepo unapeleka vumbi mbali nalo, umebahatika. Kama liko kaskazini au magharibi ya mikorosho, kila chembe inayoruka inakuja kwenye rafu zako, na huwezi kuhamisha barabara. Basi mistari iliyo karibu na duka ipulizwe kwanza kabisa, hewa ikiwa imetulia, na kibanda kiwe kimefungwa, madirisha yakiwa yamezibwa na turubai. Korosho zilizobanguliwa zina mafuta mengi na zinanyonya harufu. Pakiti iliyokaa jirani na mfuko wa salfa kwa wiki moja utaijua ukiiweka mdomoni, na mteja wako pia. Kwa hiyo salfa isilale dukani hata usiku mmoja. Isilale jikoni wala karibu na moto, maana ule unga unawaka. Ipate banda lake, juu ya mbao, mbali na kuku.

Aliyepuliza avae miwani, barakoa, mikono mirefu na kofia. Salfa inachoma macho na kukereketa koo, na mwenye pumu asikaribie kabisa. Akimaliza, nguo zinavuliwa nje na kuoshwa peke yake, kisha anaoga. Hata wewe uliyesimama pembeni, oga. Mgeni anayeingia dukani akute harufu ya korosho iliyokaangwa.

Siku ya salfa, basi, duka linafunguliwa saa sita au saa saba. Ni sawa. Weka kibao chenye saa zako za kufungua. Watu wanaheshimu duka lenye saa zinazojulikana kuliko lile linalofunguka na kufungika kwa kubahatisha. Ijumaa funga wakati wa swala, Mikindani hakuna atakayekushangaa.

Siku za kawaida, ambazo ni nyingi kuliko za salfa, asubuhi ni ya shamba lakini haina haraka. Saa kumi na mbili fungulia kuku, uwape maji safi. Hawa usiwapuuze: kideri, ugonjwa unaoua kuku wengi kwa mkupuo, hupenda kipindi hiki cha baridi, ukavu na upepo, na kikiingia bandani kinamaliza. Chanjo ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Kama kuku wako hawajachanjwa kabla ya Juni, fanya wiki hii, wakiwa bado wazima, maana chanjo haiponyi kuku aliyekwisha ugua. Kisha zunguka mikorosho michache, si yote, ukitazama vishada. Saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu ni palizi na usafi chini ya miti, pamoja na kitu kimoja ambacho wengi hukikumbuka moshi ukishaonekana: njia ya moto. Kuanzia Julai nyasi zimekauka, na vijana wakisaka panya wa shambani huwasha moto wakauacha. Nami kitoweo hicho nakijua vizuri, simlaumu mtu. Lakini mkorosho ulioungua hausamehe. Fyeka na palilia ukanda wa mita kadhaa kuzunguka shamba lote, udongo uonekane mtupu, na uanze upande kusi anakotokea.

Ukiwa chini ya miti, tazama juu pia. Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, maji moto, wanauma kweli na vibarua hawawapendi. Waache. Wanawinda mbu wa mikorosho na kunguni wanaofyonza machipukizi na korosho changa, na watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele wamewachunguza kama walinzi wa asili wa mikorosho. Mti wenye viota vingi vya maji moto usiupige dawa ya wadudu kwa mazoea tu, utaua mlinzi na kumwacha mwizi. Mbu wa mikorosho ukiwaona kwenye miti isiyo na maji moto, ndipo uulize dawa.

Saa nne unafungua. Nani anakuja?

Wageni wa nje si wengi, na usijilinganishe na Zanzibar. Lakini wanaokuja, wengi wanakuja Julai na Agosti kwa kuwa shule za Ulaya zimefungwa. Wanakuja kuona Boma la Wajerumani la mwaka 1895, mitaa ya mji mkongwe, na bandari ambako Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Wengine wanakwenda Msimbati, kwenye hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi. Wanatembea asubuhi, wanapumzika, wanatoka tena alasiri. Dirisha lako kwao ni saa nne hadi saa sita, halafu saa tisa hadi saa kumi na moja.

Mteja wako mkubwa, hata hivyo, ni Mtanzania. Mtu wa Dar es Salaam aliyekuja semina, aliyeleta bibi harusi, aliyekuja kumcheza mwali likizo ya Juni, hawezi kurudi mikono mitupu. Akifika nyumbani bila korosho ataulizwa kama kweli alikuwa Mtwara. Huyu hataki kinyago cha sentimita arobaini. Anataka pakiti tano za ukubwa mmoja za kugawa ofisini, na anazitaka haraka. Tatizo ni kwamba mabasi mengi ya Dar yanaondoka Mtwara alfajiri, na yanapita Mikindani wewe ukiwa unaangalia wingu la salfa. Usimkimbilie barabarani. Jioni iliyotangulia, mpe mzigo mama muuza chai au kijana wa vinywaji pale stendi, mpatane fungu lake kwa kila pakiti, na uchukue hesabu keshokutwa. Pakiti nyingi zitauzikia huko kuliko kibandani kwako, nakuhakikishia, na wewe hutakuwa umeamka kwa ajili hiyo.

Korosho za kuuza sasa hivi unazitoa wapi? Kama baba aliacha gunia la msimu uliopita, limekaa pakavu juu ya mbao, fungua uangalie kabla ya kufurahi. Kwa hesabu ya haraka, kilo nne hadi tano za korosho ghafi zinatoa kilo moja ya korosho karanga, kwa hiyo gunia linaloonekana kubwa linapungua sana. Kama huna, nunua zilizokwisha kubanguliwa kutoka kwa vikundi vya akina mama wanaobangua au kiwandani, upewe na risiti. Usinunue ghafi kwa majirani wanaohitaji fedha ya haraka. Hiyo ndiyo kangomba, ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, hata ukiiita kumsaidia jirani. Itakuingiza matatani, na bei unayompa mwenzio mwezi wa saba inamwachia njaa mwezi wa kumi. Wewe mwenyewe ukitaka msimu ujao kubakiza sehemu ya korosho zako ubangue, pita kwanza chama cha msingi na Bodi ya Korosho, makao yao yako hapahapa Mtwara, wakuelekeze utaratibu wa mbanguaji mdogo.

Kubangua nyumbani si mchezo. Mafuta ya ganda yanababua mikono, na moshi wake ukikaanga kwenye karai si wa kuvuta. Kwa mwaka wa kwanza mimi ningenunua zilizobanguliwa, zikiwa bado nyeupe, nikazikaanga mwenyewe kidogo kidogo. Kaanga kilo moja au mbili jioni, kwa moto wa chini, chumvi ikiwa imeyeyushwa kwenye maji kidogo ili ishike. Ziache zipoe kabisa kwenye sinia. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanafunga zikiwa na uvuguvugu, mvuke unabaki ndani, baada ya siku tatu korosho imelegea na haivunjiki. Ipime kwa jino, si kwa macho. Ikikatika kwa mlio, funga. Tumia mifuko mizito na mashine ndogo ya kubania kwa umeme. Kufunga kwa mshumaa kunavujisha. Kila pakiti andika tarehe na uzito wa kweli. Na kwa kuwa hicho ni chakula kilichofungashwa, nenda SIDO Mtwara, shirika la viwanda vidogo, wakufundishe vifungashio na njia ya kupata alama ya TBS. Leseni ya biashara utaipata halmashauri na namba ya mlipakodi TRA. Sitakuchosha kwa hayo, ni foleni tu.

Karibu na korosho weka vitu ambavyo Dar hawavipati kirahisi. Mabibo yaliyokaushwa, kochoko, wageni wa ndani wenye asili ya kusini wakiyaona wanacheka peke yao halafu wananunua. Asali, chumvi ya pwani kwenye vifuko, mikeka na vikapu vya ukili. Ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha haiwi zawadi kwa kuwa hailali, lakini kipupwe ndio wakati wake, na sinia moja mezani saa nne asubuhi litamfanya mpita njia asimame. Akishasimama ataangalia mengine.

Simbi kubwa, matumbawe na chochote cha gamba la kasa usipokee hata ukiletewa bure. Kasa analindwa kisheria, hayo mengine yana vibali vyake, na mgeni atakayekamatwa navyo uwanja wa ndege atataja duka alikovinunua.

Vinyago. Chukua mali kauli, mwalimu, wala usione haya. Fedha taslimu ya kipupwe ina kazi shambani. Tena kinyago ni mali inayokaa: kinaweza kulala miezi sita kabla hajatokea mwenyewe. Lakini mali kauli ya mdomo huleta ugomvi, kwa hiyo kila kipande kiandikwe daftarini: jina la mchongaji, bei anayotaka yeye, bei utakayouza, tarehe ya kukipokea, na siku mtakayohesabiana. Mlipe siku kilipouzwa, usingoje mwisho wa mwezi. Mchongaji anayelipwa siku hiyohiyo atakuletea kazi yake nzuri kwanza, na ile ya kawaida ataipeleka kwa wengine.

Kagua mti wenyewe. Mpingo halisi ni mzito, kipande kikitumbukizwa majini kinazama. Mti mweupe uliopakwa kiwi cha viatu ni mwepesi, na ukikwangua chini ya kitako kwa kisu kidogo, weupe unatokea. Mstari wa rangi ya maziwa pembeni mwa mpingo si kasoro, ni sehemu ya nje ya mti huohuo, na wachongaji wengi huutumia kwa makusudi. Uliza pia mti umetoka wapi. Kilwa kuna misitu ya vijiji inayovuna mpingo kwa utaratibu, ya kwanza ilipata cheti cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009, na mgeni wa Ulaya akisikia hivyo anatoa fedha bila kubishana. Lakini liseme tu kama ni kweli na mchongaji ana karatasi ya kuonyesha.

Adui wa kinyago kipupwe ni huyuhuyu kusi. Mpingo uliochongwa ukiwa mbichi ukipigwa na upepo mkavu mlangoni unapasuka kuanzia kwenye ncha. Weka vinyago rafu za ndani, mbali na jua, vikipakwa nta kwenye ncha na kitako. Anza na vidogo: vya urefu wa kiganja, vijiko, vitana, visahani. Vinaingia kwenye mkoba wa ndege na havipasuki ovyo. Kimoja kikubwa cha ujamaa, ile nguzo ya watu waliobebana, weka kwa ajili ya macho ya watu, hata kisipouzwa mwaka mzima. Kitawaingiza ndani.

Andika bei. Najua sisi tunapenda kupatana, na wengine watapatana hata wakiona bei, lakini mgeni asiyejua Kiswahili akikuta kitu hakina bei anaogopa kuuliza. Uwe na Lipa Namba kwa Watanzania na chenji ya noti ndogo kwa wageni, wao mara nyingi wanatoka na noti za elfu kumi tu.

Daftari ziwe mbili, la duka na la shamba, na fedha isivuke bila kuandikwa. Julai duka likilipia petroli, andika kwamba shamba limekopa. Oktoba shamba likilipwa, lirudishe. Usipofanya hivyo, mwisho wa mwaka utaona fedha zipo na hutajua ni nani aliyezileta, na utafunga lile ambalo ulipaswa kulipanua.

Nane Nane ya kanda yetu iko Ngongo, Lindi, na utashawishiwa uchukue meza. Ukiwa na kikundi mnachoshirikiana, peleka mzigo uende na wenzako, wewe ubaki. Kwa ratiba niliyoitaja juu, mzunguko wa nne wa salfa ni tarehe 9 Agosti, na kurudi kutoka Lindi usiku wa tarehe 8 ukategemea kuamka saa kumi alfajiri ni kujidanganya. Mwaka wa pili, ukiwa na msaidizi unayemwamini kwenye bomba, nenda mwenyewe.

Mjukuu sasa. Mlipe fedha, siku anayomaliza, kwa mti au kwa asubuhi kama mtakavyopatana, na iwe bei ileile ambayo ungempa kijana wa nje. Usimwahidi gunia la korosho la Oktoba. Ahadi hiyo ndiyo inayowafanya vijana wakauze korosho zikiwa bado mtini, na pia inamfanya ajione hana mshahara, akipata kibarua mjini siku ya mzunguko wa tatu ataondoka. Petroli na oili ya kuchanganya ununue wewe, usimpe fedha anunue. Vifaa vya kujikinga ni juu yako pia. Na siku alizopuliza, hata akishaoga, usimweke dukani mchana. Mwache alale. Muuzaji wa siku hizo ni wewe.